Siku ya kuacha diklo: maumivu ya upasuaji wa viungo mjini Bunia

Upasuaji wa viungo mjini Bunia, mkoani Ituri, Kongo, kwa sehemu kubwa si ule unaosimuliwa na vitabu vya Ulaya, wa mzee aliyepangiwa tarehe ya kubadilishwa nyonga miezi kadhaa kabla. Wengi wanaoingizwa kwenye chumba cha upasuaji wameanguka na pikipiki kwenye barabara ya Mahagi au ya Komanda. Wengine wamepigwa risasi gotini, wamekatwa panga kiwikoni walipokuwa wakikimbia vijiji vya Djugu, au ni watoto ambao usaha umejaa ndani ya nyonga. Baadhi hutibiwa Hospitali Kuu ya Rufaa, wengine hospitali ya CME, wengine katika Kliniki Salama inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Anayehitaji nyonga ya chuma, mara nyingi hutafuta njia ya kwenda Kampala.

Kwa wagonjwa wa namna hii, kuuliza ni dawa gani ya kutuliza uvimbe yenye nguvu kuliko nyingine hakutufikishi mbali. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, ketorolaki na selekoksibu, zikitolewa kwa vipimo vinavyolingana, hutuliza maumivu ya mfupa kwa kiwango kinachokaribiana. Zinapotofautiana ni katika madhara. Kwa hiyo lililo mbele ya daktari na muuguzi ni hili: figo, tumbo na damu ya mgonjwa huyu vitaihimili dawa hii, na kwa siku ngapi? Ninavyoona mimi, ibuprofeni ya kumeza pamoja na parasetamoli, ikitolewa kwa saa maalumu na ikiwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ndiyo inayostahili kuwa chaguo la kwanza Bunia. Sindano ya diklofenaki, ambayo imezoeleka mno, ibaki kwa wachache wasioweza kumeza.

Tuanze na namna dawa hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu hatari zake zote zinatoka hapo hapo. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili, Bergström na Samuelsson. Prostaglandini ndizo zinazofanya goti lililopasuliwa livimbe, liwe la moto na liume likiguswa. Lakini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, huiachia figo damu ya kutosha mwili unapokauka, na kuna jamaa yao anayeziwezesha chembe za kugandisha damu kushikana. Ukimzimia mgonjwa maumivu ya goti kwa njia hii, umegusa pia tumbo lake, figo zake na damu yake. Hakuna kidonge kinachokwenda gotini peke yake.

Hapo ndipo imani moja iliyoenea sana inapoangukia, ile inayosema kwamba sindano haina shida na tumbo. Kidonda cha tumbo hakitokani tu na kidonge kuugusa ukuta wake. Hutokea kwa sababu dawa imeingia kwenye damu na kuondoa ulinzi kutoka ndani, na diklofenaki iliyochomwa takoni huingia kwenye damu sawasawa na iliyomezwa. Dawa ya kuwekwa kwa njia ya haja kubwa nayo ni hivyo hivyo. Hata kula kabla ya kumeza, ushauri unaotolewa kila mahali, husaidia zaidi dhidi ya kichefuchefu kuliko dhidi ya kidonda chenyewe. Kinachokinga kweli ni omeprazoli, miligramu 20 kwa siku, kwa mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuumwa vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Katika eneo ambalo bakteria wa vidonda vya tumbo wamo ndani ya watu wazima wengi, ni vigumu kueleza kwa nini omeprazoli iachwe nje ya karatasi ya dawa.

Sindano ina hatari yake nyingine, na hii inaonekana kwa macho. Ikichomwa vibaya takoni inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mgonjwa aliyekuja na mguu mmoja mbovu akaondoka na miwili. Diklofenaki hasa imeandikwa kwamba inaweza kuua ngozi na nyama pale ilipochomwa. Miongozo ya Madaktari Wasio na Mipaka huifanya sindano hiyo kuwa ya muda mfupi, miligramu 75, na kumhamishia mgonjwa kwenye vidonge mara anapoweza kumeza. Aliyepasuliwa goti kwa ganzi ya mgongo huwa macho, hatapiki, na baada ya saa chache anakunywa chai. Hana sababu ya kuchomwa sindano nyingine.

Je, ibuprofeni ya kumeza inatosha? Jibu zuri limetoka Denmark. Mwaka 2019 utafiti uitwao PANSAID uliwafuatilia wagonjwa 556 waliobadilishwa nyonga. Wote waliruhusiwa kujiongezea morfini kwa kubonyeza kitufe, ili kiasi walichotumia kwa saa 24 kiwe kipimo cha maumivu yao. Waliopewa parasetamoli peke yake walitumia morfini miligramu 36, waliopewa ibuprofeni peke yake 26, na waliopewa zote mbili 20. Ibuprofeni ilikuwa miligramu 400 kila baada ya saa sita na parasetamoli gramu moja, vidonge vya kawaida kabisa. Tofauti hiyo ya 36 na 20 ina uzito mkubwa zaidi Bunia kuliko Copenhagen, kwa sababu Copenhagen kitufe cha morfini kipo. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda imekuwa ikitengeneza morfini ya maji kwa ajili ya wagonjwa tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Upande wa Kongo morfini ni adimu, na wengi huishia na tramadoli. Pale ambapo dawa kali hazipatikani, vidonge viwili vya bei nafuu vikitolewa kwa mpangilio ndivyo vinavyobeba mzigo wote.

Mpangilio huo ndio unaokosekana mara nyingi. Kwenye karatasi huandikwa "akiumwa", kisha mlinzi wa mgonjwa, mara nyingi mama au dada aliyelala chini ya kitanda, anangoja mpaka mgonjwa alie ndipo aende kumtafuta muuguzi. Hapo maumivu yameshapanda na kidonge hakiwezi kuyafikia. Dawa ya siku tatu za kwanza hutolewa kwa saa, iwe mgonjwa analalamika au hapana: parasetamoli gramu moja mara nne, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu, na dozi ya kwanza ikiwezekana itolewe kabla ya kisu, kama hakuna tatizo la damu wala figo. Parasetamoli nayo ina mipaka yake. Mtu mzima aliyetoka kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani akiwa na kilo 42 hapewi gramu nzima, hupimiwa miligramu 15 kwa kila kilo.

Diklofenaki kwa upande wake imeenea kuliko inavyostahili. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inayo ibuprofeni, haina diklofenaki. Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti McGettigan na Henry waliipata diklofenaki kwenye orodha za kitaifa za nchi 74. Mwaka huo huo uchambuzi mkubwa uliochapishwa na jarida la Lancet ulionyesha kwamba diklofenaki kwa dozi kubwa huongeza hatari ya moyo na kiharusi kwa takriban theluthi moja, karibu sawa na dawa za kundi la koksibu, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaizuia kwa wenye ugonjwa wa moyo. Kwa kijana wa pikipiki anayeitumia siku mbili hatari hiyo ni ndogo sana, na si haki kumtisha. Lakini mama wa miaka 65 aliyevunjika nyonga, ambaye shinikizo lake la damu halijawahi kupimwa, ni habari nyingine. Kwake sioni kwa nini diklofenaki ichaguliwe wakati ibuprofeni ya dozi ndogo ipo kwenye kabati lile lile.

Koksibu zilizaliwa ili kumaliza ugomvi wa dawa hizi na tumbo. Kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini kina sura mbili, moja inayolinda tumbo na kugandisha damu, nyingine inayoamka penye jeraha, na koksibu hulenga ya pili. Selekoksibu iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1998, rofekoksibu 1999. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa rofekoksibu sokoni duniani kote baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Selekoksibu ilibaki, na mwaka 2016 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 24,000 wenye maumivu ya viungo ulionyesha kwamba kwa dozi ya wastani si mbaya zaidi kwa moyo kuliko ibuprofeni au naproksini. Kwa daktari wa upasuaji ina sifa moja kubwa: haivurugi chembe za kugandisha damu. Mahali ambapo chupa ya damu hutafutwa kwa ndugu na majirani, sifa hiyo ina uzito, na kama duka la dawa la hospitali lingeongeza dawa moja tu ya jamii hii, ningependekeza selekoksibu kwa upasuaji mkubwa wa nyonga. Lakini haimwokoi mwenye figo mbovu.

Figo ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko tumbo na moyo. Mwili ukipoteza damu au maji, mishipa hubana kila mahali, na prostaglandini ndizo zinazoushika mlango wa figo usifungwe. Mgonjwa wa Bunia mara nyingi anafika akiwa na kila sababu ya mlango huo kufungwa. Amevuja damu njiani kutoka Fataki au Drodro, amekaa juu ya pikipiki kwa saa nyingi bila maji, ameambiwa asile wala asinywe kwa ajili ya usingizi, kisha chumba cha upasuaji kimeahirisha zamu yake mpaka jioni. Huenda ana malaria kali, ambayo yenyewe huumiza figo. Huenda amepewa jentamisini kwa jeraha lililooza, nayo huumiza figo. Kama anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, mara nyingi ndani yake imo tenofoviri, ambayo pamoja na diklofenaki imeripotiwa kuangusha figo ghafla. Mzee wa shinikizo la damu anayetumia dawa ya kukojoza na enalaprili, akiongezewa dawa ya uvimbe, yuko kwenye mchanganyiko ambao madaktari wa figo wanauogopa kila mahali duniani. Na wapo waliokwisha kunywa dawa za miti kabla ya kufika, jambo ambalo hawalisemi mpaka waulizwe kwa heshima na bila kukaripiwa.

Kipimo cha kreatinini kikipatikana, kifanyike. Kisipopatikana, bado yapo ya kufanya ambayo hayahitaji maabara. Mgonjwa apewe maji ya kutosha kwanza, kwa mshipa au kwa mdomo. Mkojo wake upimwe ndani ya chupa yenye alama, na mwenye kilo 60 asiyefikisha mililita 30 kwa saa asiguswe na dawa ya jamii hii, iwe ya kumeza au ya sindano. Aliyepoteza damu nyingi asubiri hadi siku ya pili, parasetamoli na ganzi zikishika nafasi. Tahadhari hii haimgharimu mgonjwa chochote, maana maumivu ya usiku wa kwanza yana njia nyingine.

Njia hiyo ni ganzi ya sehemu, na ndiyo inayoweza kubadilisha mambo Bunia kuliko dawa yoyote mpya. Miongozo ya kimataifa ya PROSPECT, iliyotolewa 2021 kwa nyonga na 2022 kwa goti, huweka parasetamoli, dawa ya kutuliza uvimbe na dozi moja ya deksamethasoni kuwa msingi, kisha ganzi ya eneo juu yake, na dawa za jamii ya morfini zibaki akiba. Kwa nyonga na paja, mtaalamu wa usingizi aliyefundishwa anaweza kupitisha bupivakaini chini ya utando wa kinena kwa kuhisi sindano ikitoboa tabaka mbili, hata bila mashine ya kuonyesha picha. Daktari mpasuaji mwenyewe anaweza kumwaga ganzi kuzunguka kiungo kabla ya kufunga jeraha. Aliyelala usiku wa kwanza kwa ganzi hahitaji kulazimishiwa diklofenaki wakati figo zake bado hazijatulia.

Kuhusu mfupa kuunga, maneno ni mengi na ushahidi ni mchanganyiko. Wanyama wa maabara waliopewa dawa hizi mifupa yao ilichelewa kuunga. Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 uliwaangalia watu waliopewa indometasini kwa wiki sita ili kuzuia mfupa kuota mahali pasipotakiwa pembeni mwa nyonga. Kati ya waliokuwa pia wamevunjika mifupa mirefu, asilimia 26 ya waliopewa indometasini mfupa haukuunga, dhidi ya asilimia 7 ya wengine. Wiki sita, si siku chache. Matumizi ya siku chache hayajaonyesha madhara ya wazi kwa mtu mzima mwenye lishe nzuri. Ila mvutaji sigara, mwenye kisukari, au mwenye mfupa wa paja uliopasuka vipande vingi kwa risasi, ningemwachisha siku ya tatu.

Hata pasipo na mfupa uliovunjika, kuongeza siku hakuongezi faida. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa wagonjwa 902 waliobadilishwa nyonga ibuprofeni au kidonge kitupu kwa siku 14. Miezi sita hadi kumi na miwili baadaye, maumivu na mwendo wa makundi hayo mawili vilikuwa sawa, isipokuwa waliopata ibuprofeni walikuwa wametokwa damu nyingi zaidi wakiwa hospitalini. Faida ya dawa hizi inakusanyika kwenye siku za mwanzo, wakati jeraha linawaka. Baada ya hapo mgonjwa analipa bila kupokea. Ketorolaki, kali kuliko zote kwa tumbo na figo, imewekewa kikomo rasmi cha siku tano kwa sababu hiyo hiyo.

Usaha ndani ya kiungo unahitaji tahadhari ya peke yake. Mtoto aliyefunguliwa nyonga kutolewa usaha anahitaji homa yake ionekane, kwani kupanda kwake siku ya tatu ndiko kunakomwambia daktari kwamba usaha umerudi na afungue tena. Ibuprofeni ya saa kwa saa huificha homa hiyo. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao umejaa Kongo na unaoua kichwa cha mfupa wa nyonga, anaweza kupewa kwa siku chache akiwa na maji ya kutosha, lakini figo zake zimeanza kuchoka tangu utotoni. Mama mjamzito aliyevunjika mguu, baada ya wiki ya 20, apewe parasetamoli na ganzi. Na Ituri haiwezi kuisahau Ebola. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 ugonjwa huo uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287 huku na Kivu. Wakati wa mlipuko, mgonjwa wa homa isiyojulikana asipewe dawa inayovuruga damu kuganda, hata kama mguu wake umevunjika.

Kisha kuna duka la dawa la mtaani, ambako mengi ya haya hubatilika. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, watu zaidi ya 900 kaskazini mwa Ituri walikakamaa uso na shingo. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi uligundua kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani yake, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Julai 2015. Tangu hapo sioni namna ya kumwambia mgonjwa "nenda kanunue dawa ya maumivu" bila kumwambia wapi. Hata dawa halali ina mtego wake. Geuza karatasi ya fedha ya vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa kwa rejareja uisome: kwa herufi ndogo imeandikwa diklofenaki 50, parasetamoli 500, wakati mwingine na dawa ya mafua pembeni. Mgonjwa anayemeza hiyo pamoja na ibuprofeni ya hospitali na parasetamoli ya hospitali anatumia dozi mbili za kila kitu, akiamini anatumia dawa tatu tofauti. Vidonge vikikatwa vinne vinne, sehemu yenye maandishi hubaki dukani.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa ina uzito zaidi kuliko siku ya kuchagua. Muuguzi akae na mlinzi wa mgonjwa, achukue pakiti mkononi na kusema: "Mama, hii ni asubuhi, mchana na jioni, mwisho Ijumaa. Jumamosi usimpe tena, hata akiomba. Ile nyeupe ya parasetamoli endelea nayo. Akitapika nyeusi, akienda choo cheusi, au mkojo ukipungua, mlete hapa usingoje." Tarehe iandikwe juu ya pakiti yenyewe kwa kalamu, maana karatasi ya hospitali hupotea njiani. Idadi ya vidonge vilivyotolewa iwe ile ile ya siku hizo, kisibaki hata kimoja cha ziada.

Kuna kundi moja ambalo hesabu hii ya siku chache hailifai, nao ni wale ambao upasuaji haujafika. Mwalimu mstaafu ambaye goti lake limekwisha, au mama mwenye nyonga iliyokufa kwa selimundu anayesubiri ndugu wakusanye fedha za Kampala, wanatumia diklofenaki kila siku kwa mwaka wa pili au wa tatu. Wao ndio wanaoletwa wakitapika damu. Kwa goti, jeli ya diklofenaki ya kupaka ina ushahidi mzuri na kiasi kidogo sana huingia kwenye damu. Kwa nyonga haifiki, kwa sababu kiungo kiko ndani mno. Fimbo ishikwe upande wa mguu mzima, misuli ya paja ifanyishwe mazoezi, uzito upunguzwe kwa mwenye uzito uliozidi, na dawa ya kumeza itumike kwa siku za maumivu makali tu, pamoja na omeprazoli, shinikizo la damu na kreatinini vikipimwa. Sindano ya steroidi ndani ya goti huwapa wengine wiki kadhaa za nafuu, ila anayetarajia kuwekewa kiungo cha bandia asichomwe ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa sababu huongeza hatari ya usaha kwenye chuma kipya. Na kabla hajapanda gari la kuelekea mpakani, daktari wa Bunia amwandikie kwenye karatasi dawa zote alizotumia na kwa muda gani, ili mpasuaji wa Kampala ajue figo anazozipokea ni za namna gani.